Nyumba za Mji Mkongwe, Unguja

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyingi ni za karne ya 19. Nyumba ya mtindo wa Kiarabu, yenye asili ya Omani, ni kubwa, ya ghorofa, kuta za nje hazina mapambo mengi na vyumba huzunguka ua wa ndani. Ya Kihindi huikabili barabara: chini duka, juu makazi, mara nyingi na roshani ya mbao. Ya Kiswahili ni ya chini, yenye baraza mbele.

Mlango wa nakshi huvuta macho kwanza, nao ndio unaompotosha anayetaka kutambua mtindo wa nyumba. Fremu ya mstatili ni ya Kiomani na kichwa cha nusu duara ni cha Kihindi, lakini matajiri wa Kiarabu nao waliupenda mtindo huo wa pili. Heri kutazama kama kuna ua wa ndani.

Vyumba ni vyembamba katika mitindo yote, kwani upana hufuata urefu wa boriti za mikoko, takriban mita 3. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huharibika.