Malta: Tarehe ya Jiwe Laini

Kati ya Sicily na Libya kiko kisiwa kisicho na mto, mlima wala msitu wa kutajika. Kilichojaliwa Malta ni jiwe la chokaa, la rangi ya asali, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno linapotoka machimboni, kisha likakazwa na jua na upepo. Sanaa yote ya kisiwa hiki imepita mikononi mwa jiwe hilo, na mara nyingi aliyelishika alikuwa mgeni.

Wa kwanza kulichonga hawakuacha majina. Yapata mwaka 3600 kabla ya Kristo walisimamisha mahekalu ya Ġgantija, katika kisiwa jirani cha Gozo, miaka elfu moja hivi kabla ya mapiramidi ya Giza. Hawakuwa na shaba wala chuma. Huko Tarxien, mahali alipofukua Themistocles Zammit kuanzia mwaka 1915, walipamba mawe kwa nakshi za kujiviringa na safu za wanyama wa kufugwa. Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi yaliyogunduliwa mwaka 1902, yana ghorofa tatu zilizochimbwa mwambani, na humo mna milango iliyochongwa ikifuata mfano wa mahekalu ya juu. Humo pia ndimo alimopatikana mwanamke wa udongo, urefu wake kama sentimita 12, aliyelala ubavu, mkono mmoja chini ya kichwa. Ukubwa wa sanaa haupimwi kwa rula, na sanamu hiyo ndogo ni ushahidi wangu.

Wafoinike walikuja, kisha Warumi. Waarabu wakakitwaa kisiwa mwaka 870, na lugha ya Kimalta hadi leo ina asili ya Kiarabu. Lakini kazi nzuri kuliko zote zilizobaki katika mkondo wa Kiarabu iliandikwa baada ya utawala wao kukoma, wakati Wanormani wakiwa ndio watawala. Ni jiwe la kaburi la binti aitwaye Maimuna, aliyefariki mwaka 569 wa Hijria, yaani 1174. Mwandishi alichukua kipande cha marumaru ya Kirumi, akakigeuza, akachonga mgongoni kwa hati ya Kikufi maneno ya kumlilia marehemu na kuwakumbusha walio hai kwamba mauti hayaepukiki. Aliyesimama mbele ya kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, chenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, ataitambua hati hiyo hata kama hawezi kuisoma.

Mwaka 1530 kisiwa kilipewa Shirika la Mtakatifu Yohane, watawa wa Kikatoliki waliokuwa pia askari. Waliponusurika na mzingiro wa Waturuki mwaka 1565, walianza kujenga Valletta mwaka uliofuata, na mji mpya ukataka wachoraji. Caravaggio alifika mwaka 1607, akikimbia hukumu ya kuua mtu Roma. Mwaka uliofuata alichora kukatwa kichwa kwa Mtakatifu Yohane, turubai ya upana wa mita tano na zaidi. Jina lake aliliandika ndani ya damu inayomwagika shingoni mwa mtakatifu. Hakuna picha nyingine yake inayojulikana kuwa na saini. Baada ya miezi michache alifungwa kwa ugomvi, akatoroka ngomeni, na Shirika likamfukuza.

Wageni humiminika kwa ajili ya picha hiyo, na wana haki. Ila deni kubwa la Malta ni kwa Mattia Preti, Mkalabria aliyefika akabaki. Kati ya mwaka 1661 na 1666 alichora dari lote la kanisa la Shirika, rangi za mafuta moja kwa moja juu ya jiwe, kisha akaishi huko akitengeneza picha za altare hadi za makanisa ya vijijini. Alifariki mwaka 1699 na akazikwa humo humo. Wakati huo huo mzaliwa wa kisiwa, Melchiorre Cafà, alikuwa akichonga Roma kwa ufundi ulioahidi makubwa. Ajali kazini ilimuua mwaka 1667, akiwa na umri wa miaka 31 hivi.

Mwaka 1798 Napoleon alikaa siku chache tu, zikatosha kukusanya fedha za makanisani ziyeyushwe kwa gharama za vita vya Misri. Mabomu ya mwaka 1942 yakabomoa jumba la opera la Valletta. Magofu yalikaa miongo mingi hadi msanifu Renzo Piano alipoyageuza, mwaka 2013, kuwa ukumbi usio na paa, nguzo zilizovunjika zikaachwa zilivyo. Wamalta wengi walinung'unika. Walitaka jumba lao la zamani lisimame tena. Uchungu wao naufahamu, lakini naona Piano alitenda haki. Jumba lililoiga lile la zamani lingeficha kilichotokea, na jiwe lile lililovunjika ni sehemu ya tarehe ya Malta sawa na lile lililochongwa.