Sabaki: Kodi ilitangulia, mkopo ukafuata

Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyetaka kuona biashara ndogo ikistawi bila msaada wa serikali angevuka mto Sabaki kuelekea kaskazini. Wagiriama waliokuwa wamehamia ng'ambo hiyo walilima nafaka kwenye ardhi yenye rutuba kando ya mto, wakala wakashiba, na ziada wakaiuza kwa wenye maduka wa Kiarabu na Kihindi katika bandari za Mambrui na Malindi. Hakuna aliyewajengea soko wala kuwagawia mbegu. Walikuwa na jembe, mto na mnunuzi.

Wakuu wa kikoloni hawakufurahia. Mashamba makubwa ya Wazungu ya mpira na pamba, pamoja na yale ya Magarini, yalikuwa yakilia kwa uhaba wa vibarua, na mtu ambaye ghala lake limejaa hana sababu ya kwenda kupalilia shamba la mwingine kwa rupia chache. Mwaka 1912 afisa wa kikoloni Arthur Champion alitumwa kukaa miongoni mwa Wagiriama, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kusukuma vijana kwenye kazi ya ujira. Kisha ukaja mpango wa kuwahamisha kabisa wakulima wa kaskazini ya mto. Viongozi wa Wagiriama, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, wakawalisha watu kiapo cha kukataa. Walikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka, wakarudi. Agosti 1914 Kaya Fungo, ngome takatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti, mapigano yakazuka, na waliposhindwa Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Wakulima wa ng'ambo wakaamriwa kuacha mashamba yao na kuvuka kuja kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni, njaa na ukaidi wa watu vililegeza amri hiyo, na watu wakaanza kuvuka tena.

Eneo hilohilo leo lina wadi iitwayo Sabaki, katika eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Afisa wa kaunti anapofika hapo kuzungumzia fursa za wajasiriamali, huwa anaingia mahali ambapo serikali ya kwanza ya kisasa ilijulikana kwa kuwatimua wafanyabiashara waliokuwa wakijitegemea. Sisemi kwamba kila mzee wa Magarini analala akiwaza habari za Champion. Nasema tu kwamba tabia ya baraza la mji kumjia mwananchi na kitabu cha risiti kabla ya kitu kingine chochote haikuanza jana.

Pigo la pili halikuwa na mlio wa baruti. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar na kusimamiwa na Waingereza, wajitokeze kuyasajili. Familia za Kiarabu na Kiswahili za mjini, na wafanyabiashara wa Kihindi, walijua njia ya kwenda ofisini. Wamijikenda, wakiwemo Wagiriama, hawakuhesabiwa kuwa wenye madai, na watu waliokuwa watumwa wa mashamba ya Malindi na Mambrui, ambao hadhi ya utumwa ilifutwa rasmi mwaka 1907, walijikuta wakiishi kwenye ardhi yenye jina la mtu mwingine. Hapo ndipo walipozaliwa maskwota wa pwani. Kenya ilipokaribia uhuru, katika barua zilizobadilishwa Oktoba 1963 na upande wa Sultani, iliahidi kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Bendera mpya ikapanda, hati za zamani zikabaki palepale.

Jambo hili la ardhi nitalirudia, kwa sababu bila ya kulielewa, mtu hawezi kufahamu kwa nini misaada ya biashara ndogo Kilifi ina sura iliyo nayo.

Mabaraza yenyewe yalikuja kwa hatua. Mwaka 1924 sheria iliruhusu Mabaraza ya Wenyeji, yakiongozwa na Mkuu wa Wilaya mwenyewe, yatoze ushuru mdogo juu ya kodi ya serikali na kuutumia kwa shule, zahanati na njia. Mwaka 1950 yakageuzwa kuwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika yenye madaraka zaidi. Yalikuwa mabaraza ya kikoloni na hayakuficha hivyo, lakini pesa zilikusanywa na kutumiwa karibu na mlipaji, naye aliweza kuonyesha kwa kidole darasa lililojengwa kwa ushuru wake.

Ronald Ngala, mwalimu wa Kilifi aliyekuwa diwani Mombasa kabla ya kuwa kiongozi wa chama cha KADU, alitaka ukaribu huo uingie katika katiba. Majimbo ya mwaka 1963 yaliipa Pwani bunge lake, na Ngala akawa rais wa jimbo. Hayakutimiza miaka miwili. KADU ilijivunja Novemba 1964, Kenya ikawa jamhuri mwezi uliofuata, na madaraka yakapanda gari moshi kurudi Nairobi. Wanaosema ugatuzi ni wazo la mwaka 2010 wamemruka Ngala, na watu wa Kilifi hawapendi arukwe.

Lililobaki ni Baraza la Kaunti ya Kilifi, nalo halikukaa na nguvu zake kwa muda mrefu. Sheria ya Kuhamisha Majukumu ya mwaka 1969, iliyoanza kutekelezwa mwanzoni mwa 1970, iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti nchini elimu ya msingi, afya na barabara, na pamoja nayo kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo lao. Desemba mwaka huohuo wa 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco katika bahari ya Ngomeni, kaskazini tu ya Sabaki, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Mabaraza yakipoteza zahanati, kijiji cha wavuvi kikapeleka chombo angani kuchunguza miale ya nyota. Sijui mwandishi wa riwaya angethubutu kuyaweka mambo hayo katika ukurasa mmoja.

Tangu hapo baraza likawa na mdomo wa kula tu. Likiwa halina kodi kubwa wala ruzuku ya uhakika, liliishi kwa ada ya soko, ushuru wa mazao, leseni ya duka, leseni ya mnazi, ada ya kuegesha matatu. Malindi, iliyokuja kuwa na baraza lake la manispaa, ilikuwa na neema ya hoteli na wageni wa Kiitaliano, lakini muuza embe wa sokoni alimjua kanjo kwa sura moja: askari wa asubuhi mwenye kitabu cha risiti mkono mmoja na rungu mkono wa pili. Ukilipa unauza. Usipolipa, karai lako linapanda lori. Choo cha soko kikiharibika, hilo ni shauri lako na wenzako.

Wakati huo maendeleo makubwa yalipita juu ya kichwa cha baraza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali za Kenya na Australia zilianzisha mradi wa makazi Magarini, ulionuia kuweka familia zipatazo 4,000 kwenye mashamba yaliyopimwa. Vichaka vikang'olewa kwa mitambo, mbinu za kilimo cha nyanda kavu za Australia zikaletwa, visima vikachimbwa na vingi vikatoa maji ya chumvi. Wengi wa waliokusudiwa kuletewa maendeleo walikuwa Wagiriama ambao tayari waliishi hapo na walijua kwa nini hawakufyeka kichaka chote. Mradi ulipofifia, watafiti watatu waliuandikia kitabu, kilichotoka mwaka 1991, na kikawa funzo kwa wanafunzi wa maendeleo katika vyuo vya mbali. Kilomita chache kutoka hapo, upande wa Gongoni na Marereni, makampuni ya chumvi yalikuwa yamejichimbia mabwawa, na malalamiko ya wakazi kuhusu ardhi na maji yao yakafanya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ije kuendesha uchunguzi wa hadhara, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2006.

Mlango wa fedha ulifunguka kidogo baada ya sheria ya mwaka 1998, iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa mabaraza. Muda mfupi baadaye rundo la leseni likakunjwa kuwa kibali kimoja cha biashara, jambo lililompunguzia mwenye kioski safari za ofisini. Ili kupata mgao wote, mabaraza yalitakiwa kuwakusanya wananchi waseme mradi wanaoutaka. Mwaka 2003 ikafuata Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, ambayo ilimfanya mbunge kuwa mkubwa wa miradi kuliko diwani. Zikaja pia hazina za vijana, mwaka 2006, na za wanawake, mwaka 2007. Ghafla kila mlango ulikuwa na fomu yake.

Uchaguzi wa Machi 2013 ulizika mabaraza yote 175 ya Kenya. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti 47 afya, kilimo, masoko, leseni, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na ikaamuru zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kilifi, iliyokuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya 2019, iliunganisha maeneo bunge saba na wadi 35 chini ya Gavana Amason Kingi. Serikali yake ilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo uliogawanywa kwa wadi, na baadaye Hazina ya Mbegu ya kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kingi alifuatwa mwaka 2022 na Gideon Mung'aro, ambaye zamani aliwahi kuwa meya wa Malindi. Mtu mmoja ameshika kiti cha baraza la zamani na kile cha serikali mpya, na ni haki wachuuzi wamuulize tofauti anayoiona.

Sasa turudi kwenye ardhi. Tazama kwamba Hazina ya Mbegu, kama zile za Nairobi za wanawake na ya Uwezo iliyoanza 2013, inatazama kikundi. Benki humtaka mkopaji aweke hatimiliki. Mtu wa Mambrui au Gongoni ambaye babu yake hakuandikishwa mwaka 1908 hana cha kuweka mezani, hata kama amelima au kuuza samaki miaka 30. Kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti na kumbukumbu za mikutano, ndicho hati yake. Wenzake ndio wadhamini. Wataalamu husifu mtindo huu kuwa wa kisasa, na ni kweli una faida, ila hapa umeziba pengo ambalo sheria ya ardhi ililichimba zaidi ya karne moja iliyopita.

Mfano mzuri uko kwa mama karanga, wanawake wanaonunua samaki wadogo ufuoni, wakawakaanga na kuwatembeza mitaani. Mvuvi mara nyingi amefungwa na tajiri, yule mchuuzi mkubwa aliyempa nyavu au mashine kwa mkopo, na samaki wakubwa huenda kwake kwa bei yake. Mama karanga anapata kinachobaki, na hicho akinunue kwa pesa taslimu. Barafu hana, kwa hiyo hawezi kungoja bei ipande. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fuo, ambamo wachuuzi pia ni wanachama na wana sauti kwenye mambo ya bandari ndogo. Mkopo wa kikundi humwezesha mama karanga kununua mafuta, karai na sanduku la kuhifadhia. Kumtoa mvuvi mikononi mwa tajiri hauwezi, kwa sababu tajiri hukopesha usiku wa manane bila fomu, na hudai kwa samaki.

Hapa ndipo hukumu yangu ilipo: mkopo peke yake ni nusu ya kazi, na nusu iliyo rahisi kuizungumzia jukwaani. Nusu ya pili ni choo, taa, maji ya bomba, chumba cha baridi na barabara ya kutoka ufuoni, vitu ambavyo baraza la zamani lilitoza ada yake bila kuvileta. Maji ya Sabaki huchotwa Baricho na kusafirishwa hadi Mombasa, wakati wachuuzi wa vijiji vya karibu wengine bado wananunua kwa mtungi. Yapo pia mambo ambayo hayangoji mtaji wa kikundi. Tangu 2013 sera ya taifa imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kaunti hununua unga, sare, viti na huduma za usafi kila mwaka. Kikundi kinachojua kujaza zabuni kina soko ambalo mkopo hauwezi kulinunua. Vinavyojua ni vichache, na mafunzo ya kujaza karatasi hizo yangegharimu pesa kidogo kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Sheria ya fedha za umma inaitaka kaunti ipeleke taarifa ya mkakati wake kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, wananchi wakishirikishwa. Mswada wa fedha, unaopanga ada ya kibanda, ya meza ya sokoni na ya kibali cha biashara, hufuata baadaye kwa vikao vyake. Mkopo na soko jipya hujadiliwa katika msimu mmoja, risiti katika mwingine. Kwa desturi watu hujaa kikao cha kwanza, kile cha kugawa, na kikao cha kutoza huachiwa wenye mahoteli na mawakili wao.