Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu na Sinema Yake

Wahenga walinena kwamba kusikia si kuona. Neno hilo ni la kweli barazani na mahakamani, ambako shahidi hutakiwa aeleze aliyoyaona kwa macho yake. Lakini katika ulimwengu wa hadithi lafaa litazamwe upya, kwani ziko hadithi ambazo aliyezisoma huziona vizuri zaidi kuliko aliyeonyeshwa. Mojawapo ni Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard, kikatolewa mwaka 1885. Mwandishi alikuwa amefanya kazi ya serikali ya Kiingereza huko Natal na Transvaal, na kitabu chake alikitabaruku kwa wavulana, wakubwa kwa wadogo. Ndani yake mwindaji Allan Quatermain anafuatana na Sir Henry Curtis, anayemtafuta ndugu yake aliyepotea, pamoja na Kapteni Good. Yumo pia mtumishi wao Umbopa, ambaye hatimaye anajulikana kuwa ni Ignosi, mrithi wa haki wa kiti cha enzi kilichonyakuliwa na Twala. Mwaka 1929 kilitolewa kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Frederick Johnson, aliyekuja kuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Tangu hapo kikaingia madarasani, na vizazi vya wanafunzi wetu vikajifunza kwacho utamu wa hadithi ndefu ya nathari.

Sisi tulikisoma tungali wadogo, katika nakala iliyokwisha kupoteza jalada, tukisomeana kwa zamu. Hatukuwa tumewahi kuona jangwa, lakini kiu ya wasafiri wale ilitukausha makoo. Tulimcheka Kapteni Good, aliyewashangaza wenyeji kwa meno yake ya bandia na uso wake ulionyolewa nusu. Na kila mmoja wetu alikuwa na Gagool wake: huyu alimvika sura ya kikongwe wa mtaani kwao, yule sura ya zimwi la hadithi za bibi yake. Kitabu kilitupa maneno, nasi tukatoa picha.

Tulipokuwa watu wazima ndipo tulipoiona sinema iliyotengenezwa na Wamarekani mwaka 1950. Hatukatai kwamba inapendeza. Sehemu kubwa ilipigwa katika nchi zetu, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda, na ikapata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri. Wanyama wanapotimka kwa maelfu, mtazamaji hushika kiti. Lakini hadithi yenyewe imegeuzwa. Sir Henry hayumo miongoni mwa wasafiri. Mahali pake yupo bibi wa Kiingereza anayemtafuta mumewe, na mapenzi kati yake na Quatermain, yasiyokuwamo kitabuni, yamekuwa mhimili wa safari. Na Gagool wetu wote wakafutwa, akabaki mmoja tu.

Hata hivyo, haki itendeke kwa pande zote mbili. Katika riwaya, anayepigana na Twala na kumwua ni Sir Henry, mgeni. Mrithi mwenyewe anasimama akitazama. Katika sinema Umbopa, aliyeigizwa na Mnyarwanda, anapigania kiti chake kwa mkono wake mwenyewe. Hapo sinema imetenda haki zaidi. Lakini riwaya nayo imempa Ignosi jambo kubwa: katika kuagana anatamka kwamba hataruhusu wageni wengine waingie nchini mwake na bunduki na ulevi wao. Ni ajabu kwamba kauli hiyo iliandikwa na Mwingereza mwaka ule ule wa 1885, ulipomalizika Mkutano wa Berlin.

Ipo kasoro nyingine inayotuhusu zaidi. Wacheza ngoma wa Rwanda tunaowaona katika sinema walikuwa watu halisi wenye utamaduni wao, lakini humo wamefanywa kuwa watu wa hadithi ya kubuni. Kitabu nacho kinatuambia kwamba kazi kubwa za mawe katika nchi ile zilijengwa na wageni wa zamani za Sulemani. Dhana hiyo ilienezwa pia juu ya magofu ya Zimbabwe, mpaka wachimbuzi wa mambo ya kale, Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wakaonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Hivyo basi, mwaka ule ule hadithi ilipofika kwetu kwa Kiswahili, ukweli nao ulikuwa ukifukuliwa.

Kwa hiyo twawashauri walimu wasiwazuie vijana kutazama sinema, bali wawape kitabu kwanza. Aanzaye na sinema hukopeshwa macho ya mtu mwingine, na deni hilo ni gumu kulipa. Kila afunguapo kitabu huziona sura zile zile. Kisha, baada ya yote mawili, wanafunzi waulizwe: nani amepewa silaha, nani amepewa kauli, na nani ameonyeshwa bila kutajwa jina lake? Kijana atakayejibu maswali hayo atakuwa amestarehe na kuelimika kwa pamoja, na siku atakapoandika hadithi yake mwenyewe, hatasahau kuwapa watu wake vyote vitatu: silaha, kauli na jina.