CENPA

CENPA ni jeni ya binadamu iliyo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 2. Protini inayotokana nayo, CENP-A, ina asidi amino 140 nayo ni aina ya pekee ya histoni H3. Histoni ni protini ambazo DNA hujizungusha juu yake ndani ya kiini cha seli. H3 ya kawaida imetapakaa kromosomu nzima, ilhali CENP-A hukusanyika kwenye sentromea, pale ambapo kromosomu hushikwa na kuvutwa seli inapogawanyika.

Protini hii iligunduliwa kupitia wagonjwa. Mwaka 1985 William Earnshaw na Naomi Rothfield walichunguza seramu za watu wenye skleroderma, maradhi yanayokakamaza ngozi, wakakuta kingamwili zinazonasa protini tatu za sentromea. Wakaziita CENP-A, CENP-B na CENP-C. Kingamwili za sentromea hupimwa hadi leo katika kuutambua ugonjwa huo.

Ajabu ya jeni hii iko katika namna inavyotunza mahali pa sentromea. Sentromea za binadamu kwa kawaida zimejaa alfa-sataliti, kipande cha DNA cha herufi 171 hivi kinachojirudia maelfu ya mara. Ingedhaniwa kwamba herufi hizo ndizo zinazoamua sentromea ikae wapi. Sivyo. Wapo watu ambao kromosomu yao moja ina sentromea mahali pasipo na alfa-sataliti hata kidogo; CENP-A ipo hapo, na kromosomu inarithiwa vizuri. Alama inayopokezwa kutoka seli hadi seli, basi, ni protini yenyewe. DNA inaponakiliwa, CENP-A iliyopo hugawiwa nakala zote mbili, na upungufu hujazwa baada ya mgawanyiko na protini iitwayo HJURP. CENP-C na protini nyingine, CENP-N, huishika CENP-A, na juu yake hujengwa kinetokori, inayoziunganisha kromosomu na nyuzi za kuzivuta.

Panya wasio na jeni hii hufa wakiwa viinitete. Protini yake ikizidi nayo ni hatari: CENP-A husambaa hadi kwenye mikono ya kromosomu, na mgao huharibika, seli moja ikipata kromosomu zaidi na nyingine pungufu. Wingi wake umeonekana katika saratani kadhaa, ikiwemo ya utumbo mpana. Hata hivyo, wingi huo peke yake hauthibitishi kwamba CENPA ndiyo chanzo cha uvimbe, kwa kuwa seli zinazogawanyika kwa kasi huitumia zaidi jeni hii.