Fundi Bomba wa Nyota ya Kifo

Haya wandugu, test zimekwisha na bumu nalo limekwisha, kwa hiyo wiki hii bwenini kwetu ni muvi tu. Tumerudia zile Star Wars za mwanzo, ya 1977, ya 1980 na ya 1983, kwenye laptop ya jamaa mmoja wa uhandisi. Mnajua tena tabia ya mtu anayesoma historia, hawezi kuangalia kitu akanyamaza. Wenzangu wakishangilia mlipuko, mimi nauliza ndani ya kile kitu kulikuwa na nani.

Swali lenyewe si langu. Lilishaulizwa kwa utani mwaka 1994 kwenye sinema ndogo ya Kevin Smith inayoitwa Clerks, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe ndani ya duka lile lile la New Jersey ambalo Smith alikuwa anauza. Ilimgharimu dola 27,000 na kitu, na kwa Hollywood hizo ni hela za chai. Wauza duka wawili, Dante na Randal, wanapiga soga. Randal anasema Nyota ya Kifo ya kwanza, ile ngome ya Dola yenye ukubwa wa mwezi inayolipua sayari nzima, ilipoteketezwa yeye hakuona tatizo, maana mle walikuwemo watu wa jeshi. Lakini ya pili, ile ya 1983, ilikuwa bado inajengwa! Sasa nani alikuwa anajenga? Askari wa Dola anajua kufunga choo? Lazima kulikuwa na mafundi bomba, waezekaji, watu wa mkataba waliofuata riziki yao, na waasi wakawachoma wote.

Hapo mteja mmoja anadakia. Yeye ni fundi paa, na anasema fundi ni lazima aangalie siasa za tajiri wake. Aliwahi kukataa kazi nono ya kuezeka nyumba ya jambazi mkubwa. Rafiki yake akaichukua, maadui wa jambazi wakavamia, rafiki akapigwa risasi hata paa hajalimaliza.

Na msidhani hoja ya ajira ni ya sinema tu. Mwaka 2012 Wamarekani zaidi ya 25,000 walitia sahihi kuiomba serikali yao ijenge Nyota ya Kifo kweli, sababu mojawapo ikiwa ni kuleta kazi. Januari 2013 ikulu yao ikajibu kwa utani kwamba gharama haibebeki, kwamba serikali haiungi mkono kulipua sayari, na kwamba ni ujinga kumwaga kodi kwenye kitu ambacho mtu mmoja na chombo chake anaweza kukimaliza.

Chumba kizima kilicheka. Lakini hebu nisimulie lile shambulio la kwanza limetoka wapi.

George Lucas alipokuwa anaandaa sinema ya 1977, aliwaonyesha mafundi wake vipande vya filamu za ndege za Vita Kuu ya Pili ili wajue vyombo viruke vipi. Na shambulio la mwisho, marubani wakipita kwenye mfereji mwembamba huku wanapigwa, wakilenga tundu la mita 2, linafuata kwa karibu sana filamu ya Waingereza ya 1955, The Dam Busters. Ziangalie zote mbili siku moja, utacheka, hadi maongezi ya marubani yanafanana. Gilbert Taylor, mpiga picha mkuu wa Star Wars, ndiye huyo huyo aliyepiga picha za mbinu maalumu kwenye ile ya 1955.

The Dam Busters nayo imetokana na tukio la kweli. Usiku wa kuamkia 17 Mei 1943, ndege 19 za Uingereza aina ya Lancaster, zikiongozwa na Guy Gibson, zilikwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani yaliyohudumia viwanda vya Ruhr. Bomu lilibuniwa na mhandisi Barnes Wallis. Likidondoshwa linadunda juu ya maji kama kijiwe anachorusha mtoto, linagonga ukuta, linazama, ndipo linalipuka. Mabwawa mawili, Möhne na Eder, yakapasuka. Ndege 8 hazikurudi, na kati ya watu 133 waliokwenda, 53 walikufa. Ushujaa upo, simkatalii mtu.

Sasa chukua swali la Randal ulipeleke pale. Chini ya ukuta kulikuwa na nani? Maji ya Möhne yaliua watu zaidi ya 1,000, na mamia miongoni mwao hawakuwa Wajerumani kabisa. Huko Neheim kulikuwa na kambi ya wafanyakazi wa shokoa, wengi wao wanawake waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Umoja wa Kisovieti. Hitler ndiye aliyewafungia pale, na bomu la watu wanaopigana na Hitler ndilo lililowazamisha. Yule fundi paa wa Clerks angalau aliweza kuikataa kazi. Hawa nani aliwauliza?

Sisemi Waingereza wangekaa tu waviangalie vile viwanda. Nasema filamu ya 1955 inatuonyesha maji, na inatuonyesha vitanda vya marubani wasiorudi, lakini ile kambi haimo. Kufika 1977 hata maji hayapo tena, ni mwanga tu angani halafu watu wanavishwa medali. (Sherehe hiyo ya medali nayo wachambuzi wengi wameifananisha na Triumph of the Will, filamu ya propaganda ya Wanazi ya 1935. Yaani waasi ndio wamepangwa mistari ya Kinazi! Hapo mwenzenu nilicheka peke yangu.)

Na Dola yenyewe ni nani? Juujuu ni Wajerumani, kwa sababu wale askari weupe wanaitwa stormtroopers, jina la Kiingereza la vikosi vya Ujerumani vya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini Lucas amesema wazi kwamba aliiwaza Vietnam, na kule Vietnam Dola ilikuwa nchi yake mwenyewe. Mfalme muovu alimchora akimfikiria Rais Richard Nixon. Wale Ewoks, vidubu vya porini vinavyoangusha mashine za chuma kwa magogo na mawe, ni Vietcong. Basi Wamarekani wakakata tiketi, wakawashangilia Vietcong wenye manyoya, na wakarudi nyumbani na midoli yao. Mwaka huo huo wa 1983, mwezi Machi, Rais Reagan aliwaita Wasovieti dola ovu, na mpango wake wa kuzuia makombora ukabandikwa na wapinzani jina la Star Wars. Sijawahi kukutana na mtu aliyemaliza muvi hii akasema, jamani, Dola ni sisi.

Lucas aliisikia hoja ya Clerks. Kwenye maelezo ya sauti ya DVD ya sinema yake ya 2002 alijibu kwamba wajenzi walikuwa viumbe wanaoitwa Geonosians, yaani mchwa wakubwa tu. Utani, sawa. Ila kicheko kilinikwama, kwa sababu mwaka ule ule wa Clerks, 1994, redio ya Rwanda ilikuwa inawaita Watutsi inyenzi, yaani mende.

Halafu kuna hili la kwetu kabisa. Nyota ya Kifo ya pili ilimalizwa na chombo cha Lando Calrissian, na rubani wake msaidizi ni yule mwenye mashavu, Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa anasoma Marekani, na lugha anayoongea si ya kubuni, ni Kikuyu. Kwa hiyo mafundi bomba wa Randal, kama walikuwemo, walilipuliwa na watu wanaoelekezana njia kwa Kikuyu. Kama bwenini kwenu kuna Mkikuyu, mkalisheni mbele ya skrini awatafsirie. Wa kwetu ameshaturudisha kwenye kile kipande mara tatu.