Mambo ya Kuzingatia Unaponunua Mazao kwa Mnada wa Mtandao

Sepuka ni kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, eneo ambalo wakazi wake wengi wanategemea kilimo. Kwa miaka mingi mnada uliozoeleka katika maeneo ya namna hii ni ule wa mifugo, ambapo mnunuzi humwona ng'ombe, humwona mshindani wake, na husoma uso wa muuzaji kabla ya kutamka bei. Katika mnada wa mazao kwa njia ya mtandao hayo yote hayapo. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya mnunuzi hufanyika kabla mnada haujafunguliwa.

Mnada huo umejengwa juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao ghalani kupitia chama cha ushirika, mazao hupimwa uzito na ubora, kisha hupewa stakabadhi. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), lililoanzishwa mwaka 2014, huendesha minada ya kielektroniki ya mazao kama ufuta, mbaazi na dengu. Wanunuzi waliosajiliwa huweka bei kupitia mtandao, na wakulima hupewa nafasi ya kuikubali au kuikataa bei iliyopatikana.

Hatua ya kwanza kwa mnunuzi ni kusoma taarifa za shehena: zao, daraja la ubora, uzito na ghala lilipo. Kilo moja iliyo karibu na barabara kuu haina thamani sawa na kilo moja iliyo katika ghala ambalo lori hulifikia kwa shida wakati wa mvua.

Hatua ya pili ni kukokotoa bei ya ukomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi hatakiwi kuivuka. Hesabu huanzia sokoni na kurudi nyuma hadi ghalani. Kwa mfano, mfanyabiashara anayetarajia kuuza kilo moja ya dengu kwa shilingi 2,000 anaweza kutoa shilingi 130 za usafiri, 90 za ghala, vifungashio na tozo, 40 za upungufu wa uzito, 60 za gharama ya mtaji na 80 za faida. Kinachobaki ni shilingi 1,600, na huo ndio ukomo wake. Kwa tani 10, faida yake ni shilingi 800,000. Akivutwa na ushindani hadi shilingi 1,700, faida yote hutoweka na hupata hasara ya shilingi 200,000.

Hatua ya tatu ni kufahamu aina ya mnada. Pale ambapo kila mnunuzi huweka bei yake kwa siri na mshindi hulipa bei aliyoitaja, si busara kuweka bei ya ukomo yote. Lakini bei iliyo chini mno nayo inaweza kukataliwa na wakulima. Bei za minada iliyotangulia ni kipimo kizuri cha kuanzia. Pale ambapo bei huonekana ikipanda, mnunuzi hupanda kidogo kidogo na kusimama afikapo ukomo. Kusubiri sekunde za mwisho ni hatari, kwani mtandao au umeme ukikatika nafasi hupotea.

Ipo pia hatari ambayo wachumi huiita laana ya mshindi. Katika mnada wenye washindani wengi, anayeshinda mara nyingi ndiye aliyekadiria thamani kwa kiwango cha juu kupita wenzake, hivyo huenda amekosea. Robert Wilson, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2020 pamoja na Paul Milgrom, alionesha kwa nini mnunuzi makini huweka bei iliyo chini ya makadirio yake mwenyewe. Aidha, mwenye mtaji mdogo hunufaika kwa kuugawa katika minada kadhaa badala ya kuumaliza katika mnada mmoja.

Wanunuzi wadogo wanaweza kuunganisha mitaji na kushiriki kwa jina moja lililosajiliwa. Hilo ni tofauti na washindani kukubaliana kwa siri kushusha bei, kitendo kinachokatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, kwa kuwa humnyang'anya mkulima jasho lake.

Bei iliyowekwa mtandaoni ni ahadi. Mnunuzi anapaswa kuwa na fedha tayari, kusoma masharti ya malipo na ya kuondoa mzigo ghalani, kutunza neno lake la siri, na kulipa kwenye akaunti zilizotajwa katika nyaraka rasmi za mnada pekee. Malipo yakichelewa, anayesubiri ni mkulima aliyekwisha kukabidhi mavuno yake ya msimu mzima.