Njia Ndefu ya Tiba ya Jeni kwa Shinikizo la Damu Mapafuni

Shinikizo la damu mapafuni si lile linalopimwa kwa mkanda wa mkononi, kwani hutokea katika mishipa inayotoa damu upande wa kulia wa moyo na kuipeleka mapafuni, ambayo kuta zake hunenepa na njia yake ikafinyika hadi moyo ukachoka kusukuma. Kwa kuwa mishipa hiyo imejificha kifuani, ugonjwa huu kwa miaka mingi ulionekana kwa maiti tu, kama alivyoueleza daktari Mjerumani Ernst von Romberg mwaka 1891 bila kuweza kutaja chanzo chake. Kuupima kwa mtu aliye hai kuliwezekana baada ya Werner Forssmann kujipitishia katheta, yaani mpira mwembamba, kutoka mshipa wa mkono hadi moyoni mwake mwaka 1929, na André Cournand na Dickinson Richards kuikuza njia hiyo huko New York.

Kwamba ugonjwa huu waweza kufuata ukoo kuliandikwa na David Dresdale katika miaka ya 1950, lakini ilipofika mwaka 2000 tu ndipo makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalipobaini hitilafu katika jeni iitwayo BMPR2, ambayo ni kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya kuunda protini inayozuia seli za mishipa zisizaliane kupita kiasi. Matumaini yalikuwa makubwa, pengine makubwa mno, maana wengi wanaoirithi hitilafu hiyo hawaugui kamwe. Huko Adelaide, Australia, watafiti waliipakia jeni nzima katika kirusi kilichopunguzwa makali, wakaifikisha kwenye mishipa ya mapafu ya panya, na mwaka 2007 wakaripoti kwamba shinikizo lilipungua.

Hata hivyo, jeni iliyotangulia kujaribiwa kwa wagonjwa haikuwa hiyo. Kundi la Duncan Stewart nchini Kanada lilichukua seli kutoka katika damu ya mgonjwa mwenyewe, likazitia jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mishipa, kisha likazirudisha mapafuni kwa katheta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihusu wagonjwa 7 pekee, ambao kwa jumla walimudu kutembea umbali mrefu zaidi katika dakika sita, ingawa mmoja alifariki muda mfupi baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Idadi hiyo haitoshi kuthibitisha tiba.

Ugunduzi wa mwaka 2000 ulizaa matunda kwa mlango mwingine: Machi 2024 Marekani iliidhinisha sotatercept, protini inayodungwa chini ya ngozi kila baada ya wiki tatu ili kurudisha mizani ambayo hitilafu ya BMPR2 huivuruga. Dawa hiyo haigusi jeni yenyewe.